Shikamoo ya Pili

Wajukuu zangu wakiniona nimeinua uso juu hudhani natafuta dalili za mvua. Sina shamba, mvua ninaitakia nini? Natazama ndege inayopita juu ya Bagamoyo, ile iliyo juu kabisa, ndogo kama punje ya mchele, na kichwani najikuta nauliza: huyu anatoka wapi, yuko kimo gani, na mwenzake yuko wapi? Kazi niliiacha zamani, lakini yenyewe haikuniacha.

Juzi kijana mmoja anayejifunza kuongoza ndege alikuja kunijulia hali barazani. Tulipomaliza kuamkiana na kuulizana habari za nyumbani akasema, "Babu, nyinyi zamani bila rada mliwezaje?" Nikamwagizia kahawa, kwa sababu jibu ni refu. Kahawa ikaisha, jibu bado, na yeye alikuwa na haraka ya kurudi Dar. Basi nayaandika hapa ayasome na wenzake. Asiyejifunza kazi hii asome pia, hakatazwi.

Kwanza ondoeni vichwani ile picha ya mtu aliyekaa juu ya mnara wa vioo akitazama ndege zinavyotua. Watu hao walikuwepo, na tuliwaonea wivu kwa sababu walipata upepo. Sisi tulioshughulikia ndege zilizo njiani, za mbali, tulikaa chumba cha ndani pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, chumba kisicho na dirisha la maana. Ndege hatukuiona hata moja. Tulisikia sauti za marubani redioni, zimejaa mikwaruzo, nasi tukaandika walichosema. Kila ndege ilikuwa na kijikaratasi chake: jina, inatoka wapi, inakwenda wapi, iko kimo gani, inatarajiwa saa ngapi juu ya mahali fulani. Kijikaratasi kinabanwa kwenye kishikizo, kishikizo kinapangwa kwenye ubao ulioinamia mbele yako, kila mahali na safu yake. Ubao huo ndio uliokuwa anga yetu. Kama kitu hakimo ubaoni, kwetu sisi hakimo mbinguni.

Wiki yangu ya kwanza niliwaonea huruma wenzangu waliokuwa wakitokwa jasho, nikawasha feni ya dari. Hakuna aliyenieleza kwamba feni ile haiwashwi. Vijikaratasi ambavyo havijabanwa vikaruka kila upande, na nikamwona mtu mzima, mwenye tai, akijitupa kifudifudi juu ya ubao na kuukumbatia kwa mikono miwili. Alibaki vile mpaka feni iliposimama. Kisha akainuka, akanyoosha tai yake, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwenu ni wapi?" Nikasema Bagamoyo. Akasema, "Basi mshukuru Mungu, maana ulikaribia kuipeperusha."

Huyo ndiye Mzee Kitwana, mkuu wa zamu yetu. Alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, aliyeanza kazi kwa kupiga simu za upepo zile za vinukta na vistari, na vidole vyake havikuacha tabia hiyo. Akiwaza, kidole chake cha shahada kilikuwa kikigonga meza. Kofia yake ya viua aliitundika msumarini akiingia, akaivaa akitoka. Na hukukabidhiwa zamu na Mzee Kitwana kabla hajakuuliza hali yako, hali ya mama yako, na usingizi wako wa jana. Mwanzoni nilidhani ni uungwana tu wa Pwani. Baadaye nikaona kwamba asiyelala vizuri alipewa kazi ya kuandika, hakupewa redio.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, la futi elfu moja na futi elfu mbili.

Ndege mbili zinazopishana, moja juu na nyingine chini, lazima ziwe na nafasi kati yao. Zamani zetu, mpaka kimo cha futi elfu ishirini na tisa, nafasi ilikuwa futi elfu moja. Kupita hapo ilikuwa futi elfu mbili. Kwa hiyo juu kule kulikuwa na ishirini na tisa, kisha thelathini na moja, kisha thelathini na tatu, hivyo hivyo. Futi elfu thelathini haikuwa mahali pa mtu. Tuliiacha tupu, na marubani walikuwa wakiitamani kama kiti kitupu kwenye basi lililojaa.

Kwa nini? Mimi niliuliza, nanyi muulize kila mkiambiwa kanuni. Mzee Kitwana alinipeleka karakana, fundi akanifungulia altimita, saa ile inayomwambia rubani yuko juu kiasi gani. Ndani nikakuta kidude cha bati kama kikopo cha kiwi ya viatu, kimezibwa pande zote. Ndege ikipanda, hewa ya nje inapungua nguvu, kikopo kinatuna kidogo, na kule kutuna ndiko kunakosukuma mshale. Hakuna uchawi zaidi ya huo. Chini, hewa ni nzito, ukipanda kidogo tu kikopo kinasikia. Juu sana hewa ni nyembamba, unapanda futi nyingi na kikopo kinatikisika kwa shida. Fundi alisema, "Mizani ya kupimia papa, usiipimie zafarani." Kosa ambalo chini ni la kucheka, kule juu linaweza kula nusu ya nafasi bila mtu kujua, na rubani mwenyewe anaapa yuko pale mshale ulipo.

Mzee Kitwana aliyajua hayo kuliko mimi, lakini hakuridhika. Aliamini kwamba ndege za kisasa zimekuwa na vyombo vizuri, na futi elfu mbili ni israfu. Kila siku tulikuwa tukiwanyima watu vimo walivyovitaka, wakashuka chini na kuunguza mafuta. Aliwaandikia wakubwa. Alibishana na marubani, si kwa kuwapinga bali kwa kukubaliana nao, jambo ambalo marubani hawakulizoea. "Ipo siku," alikuwa akisema, "itakuwa elfu moja mpaka juu. Na mimi nitakuwepo." Nilimpenda kwa hilo. Mzee anayengojea jambo jipya kwa hamu si wengi.

Mama yangu naye alikuwa na maoni yake. Mnara wa redio waliouelekea marubani ulikuwa nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, na njia mbili zilikatana juu yake: moja ikifuata pwani kutoka kaskazini, nyingine ikitoka bara, ikipita juu ya Ubena, kisha juu yetu, mpaka baharini. Maana yake zilikatana karibu juu ya paa la mama. Siku za anga nyeupe aliziona mbili zinapishana akashika kichwa. "Salumu, leo zako zilitaka kugongana, nimeziona kwa macho yangu." Nikamwambia, "Mama, kati yao kuna futi elfu mbili." "Futi elfu mbili gani! Hata ubua haupiti." Ukiwa chini huwezi kuiona nafasi ile. Hata ukiwa juu ni shida kuikadiria. Ndiyo maana tulikuwa na kanuni, tusitegemee macho ya mama.

Sasa sikilizeni kosa ambalo nadhani ni letu sisi tuliolelewa Pwani.

Nilikuwa bado mwanafunzi, nimekaa ubavuni kwa Mzee Kitwana, yeye yuko kwenye redio. Akampa rubani wa ndege ndogo ya mapangaboi ruhusa ya kupanda mpaka futi elfu kumi. Na elfu kumi palikuwa na mwingine, anatoka Unguja, anakuja mbele yake. Niliona. Vijikaratasi viwili, kimo kimoja, safu moja. Mzee hakuona.

Mnadhani nilisema? Nilikohoa. Nikakohoa tena. Nikasogeza kikombe chake cha chai karibu na kile kijikaratasi. Mwisho nikasema, "Mzee, na huyu wa Unguja naye ana safari." Akajibu, "Eee, Mungu amfikishe salama," akaendelea na kazi. Aliyetuokoa ni rubani wa Unguja mwenyewe, aliyekuwa akisikiliza mazungumzo yote, akauliza redioni kama kuna mtu anataka kukaa naye kiti kimoja. Mzee akarekebisha palepale, sauti yake haikutetemeka hata chembe.

Zamu ilipokwisha akanizuia mlangoni.

"Uliona?"

"Niliona, Mzee."

"Mbona hukusema?"

"Nilikohoa, Mzee."

Akasema, "Salumu, ndege haziepushwi kwa kikohozi."

Nilitaka kulia. Nikamwambia ukweli: mimi nimelelewa kwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkubwa akikosea kwetu unangoja, unatafuta mtu wa makamo yake, mtu huyo anakwenda kwake jioni, wanazungumza mambo mengine, halafu kwa mbali linaguswa. Mzee Kitwana akasema naye kalelewa hivyo hivyo, na kwamba hajapata kumwambia mkubwa wake yeyote usoni kwamba kakosea. Tukasimama pale mlangoni, watu wawili wenye adabu zao, na nadhani sote tulikuwa tukifikiria jambo moja la kutisha.

Kesho yake, kabla ya zamu, alitukusanya. Akasema: "Kuanzia leo, yeyote akiniona nakosea, aniamkie. Hata kama tumekwisha kuamkiana. Aseme shikamoo, basi. Shikamoo siwezi kuiacha bila kuitikia, hata niwe na hasira namna gani. Nami nikishaitikia, nitatazama ubao kabla ya kutazama uso wako."

Mwenzangu Joachim, kijana wa kutoka Songea, aliona ni mchezo wa watu wa Pwani. Yeye alisema mambo waziwazi: "Mzee, hapo si sawa." Na kweli alisema mapema kuliko mimi. Lakini nilikuja kuona tatizo lake. Mzee akiambiwa si sawa, alijibu, "Si sawa kwa nini?" na Joachim akaeleza, na Mzee akajibu hoja, na ubishi ule mtamu ukaendelea na ndege nazo zikaendelea. Shikamoo haina hoja. Huwezi kubishana nayo, unaitikia tu, na ukiitikia umeshasimama. Miezi haikupita mingi Joachim naye akawa anaitumia, ingawa aliitamka kama askari anayeita zamu.

Ilikuwa na vituko vyake. Alikuja mwanafunzi mpya, hatujamweleza, akaamkia alipoingia. Alipotoka kunywa maji akarudi akaamkia tena, kwa heshima zake tu. Mzee Kitwana akaruka, akaitikia, akapitia ubao wote kijikaratasi kwa kijikaratasi, jasho linamtiririka, hakuona kosa. Akapitia tena. Mwisho akamgeukia, "Umeona nini?" Yule kijana akasema, "Sijaona kitu, Mzee. Nakusalimia." Mzee akakaa chini. "Baba, heshima yako itatuua."

Nafika kwenye siku ambayo nimeibeba maisha yangu yote.

Ilikuwa masika, alasiri, mawingu meusi yamejaa kutoka bara mpaka pwani. Na marubani tulisema Kiingereza, mimi nawapa kwa Kiswahili. Safu ya Bagamoyo ilikuwa na vijikaratasi viwili. Rubani mmoja alikuwa anatoka Ghuba ya Uajemi, anafuata pwani, futi elfu thelathini na moja, anapita kwenda kutua mbali kusini. Wa pili alitoka bara, yuko elfu ishirini na tisa, anapita juu yetu kwenda kuvuka bahari. Walitarajiwa juu ya mnara wetu kwa wakati mmoja, au karibu sana. Kati yao futi elfu mbili. Hakuna wasiwasi.

Kisha yule wa bara akaita. Alikuwa ameingia kwenye ngurumo. Sauti yake ilikuwa inakatika kwa jinsi anavyotupwa. Akasema abiria wanaumia, anaona mwanya mweupe juu kidogo ya kichwa chake, anaomba futi elfu thelathini. Tulimuuliza kama anaweza kushuka. Akasema chini ni kubaya zaidi, na akishuka mafuta hayatamfikisha ng'ambo. Thelathini na tatu hawezi, kajaza mzigo. "Elfu moja tu," akasema. "Nipeni elfu moja tu."

Mzee Kitwana alikuwa kwenye redio. Nilimwona uso wake, na sitaki mmdhanie vibaya. Hakuwa mtu wa kujionyesha. Alimhurumia yule rubani, alikuwa na moyo. Na kile kilichoombwa ndicho alichokuwa akikiamini miaka yote: kwamba futi elfu moja kule juu inatosha. Akasema, si kwa redio, kwetu: "Inatosha. Nampa." Kidole kikaenda kwenye kitufe.

Mimi nilikuwa na mambo mawili tu kichwani. La kwanza, kile kikopo cha kiwi. Hakuna mtu chumbani mle aliyejua kama kikopo cha yule wa Ghuba kinasema kweli, wala cha huyu wa bara, ambacho sasa kilikuwa kinatikiswa na ngurumo. La pili, nikimzuia, watu waliomo ndani ya ile ndege wataendelea kutupwa, na ni mimi niliyewaweka humo. Mzee alijua kazi kuliko mimi mara mia. Nilikuwa sina uhakika. Nataka mlisikie hilo vizuri, kwa sababu wanaosimulia visa vya ushujaa huwa wana uhakika siku zote. Mimi sikuwa nao hata kidogo.

Nikasema, "Shikamoo, Mzee."

Kidole kikabaki juu ya kitufe. Nilidhani hataitikia. Joachim aliacha kuandika.

"Marahaba," akasema, kama mtu anayemeza kwinini.

Akatazama ubao. Kidole kikatoka kwenye kitufe, kikagonga meza mara kadhaa. Kisha akabonyeza, lakini hakumwita yule wa bara. Alimwita wa Ghuba. Akamuuliza: kutoka huko ulikotoka umeunguza mafuta mengi, umekuwa mwepesi, unaweza kupanda mpaka thelathini na tano? Wa Ghuba akasema naweza, ila nipe muda kidogo. Akaanza kupanda. Tukangoja. Yule wa bara akauliza tena, mara hii kwa ukali, na Mzee akamjibu kwa utulivu, "Subiri, nakutengenezea njia." Wa Ghuba akaripoti kapita thelathini na tatu. Hapo Mzee akampa wa bara thelathini na moja, si thelathini, mahali pa mwenzake palipoachwa wazi. Akapanda, akatoka kwenye mawingu, akashukuru, akavuka bahari.

Muda ule wa kungoja ulitosha mtu kunywa kikombe cha kahawa cha barazani, vile vidogo. Lakini kwa wale wa bara waliokuwa wakitupwa ulikuwa mrefu. Baadaye tulipata habari kwamba katika muda huohuo mhudumu mmoja wa kike alirushwa darini akavunjika mkono.

Na wa Ghuba alipotua huko kusini, Mzee Kitwana aliomba altimita zake zipimwe. Zikapimwa. Zilikuwa sawa kabisa, zote mbili. Zikaja na habari za yule wa bara, kutoka alikotua: zake nazo sawa.

Yaani ningenyamaza, ndege zile zingepishana salama na yule dada mkono wake ungekuwa mzima.

Mzee aliniambia habari hiyo mwenyewe. Akavaa kofia yake, akasema, "Unaona? Ingetosha." Hakusema kwa kunikejeli, alisema kwa huzuni ya mtu aliyekosa kitu chake. Kisha akaondoka. Hatukulizungumza tena jambo hilo. Kesho yake aliniuliza hali yangu, hali ya mama yangu, na usingizi wangu wa jana. Nikasema sikulala. Akanipa kazi ya kuandika.

Lakini kanuni ya shikamoo hakuiondoa. Alistaafu akaiacha, nami nilipokuwa mkuu wa zamu nikaiendeleza. Niliamkiwa mara nyingi na watoto wadogo kwangu, mabinti na wavulana, na nitawaambia kweli: haizoeleki. Kila mara inachoma. Mara nyingine niliitikia nikatazama ubao nikakuta mimi ndiye niliyekuwa sahihi, nikataka kumkaripia mtoto wa watu. Sikumkaripia. Ukimkaripia aliyekuamkia bure, siku ya haja atakohoa.

Mengine mtayajua wenyewe. Andika kimo kabla ya kukisema, usikiseme kabla ya kukiandika. Rubani akirudia maneno yako, sikiliza kama hujapata kuyasikia, kwa kuwa sikio hupenda kusikia lilichotaraji. Usile pilipili nyingi kabla ya zamu. Na ukikabidhi zamu, usitoke mlangoni mara moja. Kaa kidogo nyuma ya mwenzako, kwa maana jambo ulilolisahau hukujia ukishavua viatu.

Miaka ikapita, nami nikastaafu. Siku moja mwanafunzi wangu wa zamani akanipigia simu: "Mzee Salumu, wamepunguza. Hata kwetu sasa ni futi elfu moja mpaka juu." Akanieleza jinsi vyombo vilivyobadilika, jinsi ndege isiyo na vifaa vilivyopimwa na kupewa kibali isivyoruhusiwa kupanda kule, jinsi kila rubani anavyofundishwa upya. Futi elfu thelathini sasa ina wenyewe. Niliweka simu chini nikamwambia mke wangu nakwenda Pangani.

Mzee Kitwana alikuwa hai bado. Alikuwa mzee wa kushikwa mkono, macho yamefifia, lakini kidole kile kilikuwa bado kinagonga mkono wa kiti. Binti yake alitutengea chai. Nikamwamkia, akaitikia. Nikampa habari. Akataka nirudie. Nikarudia: elfu moja, mpaka juu. Alitabasamu kwa namna ambayo nilifurahi nimetoka Bagamoyo kumwona.

Basi nikaona huu ndio wakati. Miaka yote nilikuwa nautazama mkono wa yule dada nisiyemjua. Nikasema, "Mzee, ulikuwa sahihi. Siku ile ya masika, ilikuwa inatosha kweli. Mimi ndiye niliyekosea kukuzuia."

Tabasamu likaondoka. Kidole kikasimama.

"Shikamoo," akasema.

Nilidhani umri umemchanganya. Binti yake naye alishtuka, akamwambia, "Baba, huyu ni mdogo wako, huyu ni Salumu." Mzee akageuka. Alinielekezea uso wake, macho yake hayanioni vizuri, akasema tena, polepole, neno moja moja.

"Shikamoo, Salumu."

Hapo nikaelewa. Nikautazama ubao kichwani, ule wa siku ile. Vijikaratasi viwili, safu ya Bagamoyo. Mawingu. Wa Ghuba, kikopo chake hakijapimwa bado. Wa bara, kikopo chake kinatikiswa. Na chumba kizima cha watu ambao hawakujua walichokuja kukijua baada ya ndege kutua. Nikautazama tena kutoka juu mpaka chini, kama alivyonifundisha, na safari hii sikuliona kosa nililokuwa nikilitafuta.

Shikamoo haiachwi bila kuitikiwa. Sikuwa nimepata kuitikia ya mtu aliyenizidi umri, wala sitaitikia tena, lakini siku ile niliinamisha uso nikasema, "Marahaba, Mzee." Naye akacheka, akamwambia binti yake aniongeze chai.